Dada wa Upande wa Kulia

Bisha. Nakupa ruhusa mapema, bisha mpaka ulimi ukauke. Waliobisha kabla yako wapo hapa mtaani, na hakuna hata mmoja anayekubali kupita nyuma ya nyumba ya dada yangu jua likiwa utosini. Utasema, huyu kijana shule aliiacha njiani, atajua nini? Sawa, niliiacha. Lakini nipe kompyuta yenye ile programu ya kuchora nyumba na bustani, nikuchoree uwanja ambao mfalme akiuona ataomba kupanga chumba. Mtaa mzima unaniita Injinia. Hata waliosoma wananiita hivyo, tena bila kucheka.

Mtu mmoja tu alininyima hicho cheo, dada yangu. "Mjinga wewe" ndiyo ilikuwa salamu yake tangu natambaa, ikisindikizwa na kofi la mkono wa kushoto, maana dada ni mtu wa mashoto: anaandika kwa kushoto, anakoroga chungu kwa kushoto, na kofi lake linakujia kutoka upande usioutegemea. Wazazi walipofariki ni yeye aliyenilea, kwa mkono huohuo.

Basi dada na mumewe walinunua nyumba yenye uwanja mpana nyuma. Dada akataka bustani ya heshima, zile za kupangwa: njia ya kokoto inaanzia mlango wa jikoni kwenda moja kwa moja, kushoto na kulia kunafanana kama mapacha, ua wa miche umekatwa sawa utadhani kinyozi kapita, na kila upande kiduara chenye benchi. Kazi nikapewa mimi.

"Usiniharibie, mjinga wewe," akasema. "Ukinipindishia njia nakurudisha darasa la kwanza."

Shemeji yeye alikuwa mtu wa maneno ya asali. Siku ninapima alinijia na glasi ya maji baridi.

"Injinia wangu, huku kulia usijichoshe. Ni magugu matupu. Si bustani inafanana pande mbili? Pima kushoto, chora kushoto, kulia programu yako imalizie yenyewe."

Na kweli programu ina kitufe cha hivyo. Unachora nusu, unabonyeza, nusu ya pili inajitokeza kama uso kwenye kioo. Fundi mwenye akili hupima pande zote mbili kwanza, ndipo abonyeze. Lakini mimi nilikuwa nimeshaitwa Injinia wangu. Mtu aliyesifiwa hapimi.

Nikachora pale pale kwenye meza ya jikoni. Shemeji akainama begani kwangu. "Mbona hamna mtu humo? Bustani bila mtu ni kaburi. Muweke dada yako, pale kwenye kiduara."

Humo kwenye programu mna watu wa kusimamisha, ili mwenye nyumba ajue ua utamfika kiunoni au kifuani. Mimi kwa ufundi wangu sikutaka wale wa programu. Nikachukua picha ya dada kwenye simu, nikampachika mwenyewe, na gauni lake la njano, mkono wa kushoto kiunoni. Nikabonyeza. Wakawa wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, wanatazamana ng'ambo ya njia.

"Safi," akasema shemeji. Jasho lilikuwa linamtiririka, na feni inazunguka juu yake. "Safi sana."

Kasoro niliiona palepale. Programu ina jua lake. Unaliburuta kwa kidole, linatoka asubuhi linakwenda jioni, na vivuli vinalifuata. Vivuli vya ua wote vililala upande mmoja, kama inavyopasa, maana jua ni moja. Kivuli cha dada wa kulia kikalala kivyake, kinyume na vyote. Nikaliburuta jua mpaka utosini. Vivuli vyote vikajikunja chini ya miguu ya wenyewe, isipokuwa chake, kirefu vilevile, kimeelekea nyumba. Na kompyuta ikaanza kupuliza kutoka ubavuni harufu ya maji yaliyolala kisimani miaka bila kuguswa.

"Programu imelewa," nikamwambia dada alipoingia jikoni.

Kofi. "Wewe ndiye uliyelewa."

Tukapanda kushoto kwanza. Kulia tukakuacha mpaka magugu yafyekwe. Asubuhi moja naingia jikoni, nakuta dada ameshika kikombe, hanywi.

"Nani huyo anayekata huko nje?" akaninong'oneza. "Nilidhani ni wewe."

"Mimi ndiyo nafika."

Tukatega masikio. Nje, polepole, kama mtu asiye na haraka wala shaka: kacha... kacha... kacha. Mkasi wetu wa bustani ulikuwa juu ya meza, kati ya kikombe chake na mkono wangu.

Tulipofungua mlango, kulia, mahali ambapo hatukuwa tumechomeka hata mche mmoja, ulisimama ua mnene wa kijani, umefika kiunoni, umekatwa sawa kuliko nitakavyokata maisha yangu yote, na vipande vya majani viko chini bado vinatoa utomvu. Miche yetu ya kushoto ilikuwa imenyauka kama vitunguu vya juzi.

Unafikiri nilikimbia? Nilikwenda mtaani nikawaambia watu hiyo ni mbegu ya kisasa, nimeagiza mwenyewe.

Baada ya hapo dada akaanza kupungua maneno. Mchana mmoja namkuta amesimama katikati ya njia, hatikisiki.

"Mjinga wewe, njoo. Taratibu. Usitazame kulia."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu nyuma ya ua. Nikitembea anatembea. Nikisimama anasimama."

"Si mwangwi tu huo, dada?"

"Mwangwi unavaa gauni la njano?"

Nikamshika kiwiko, nikaanza kumvuta kuelekea mlango wa jikoni.

"Na leo amesema," akaendelea, sauti imeshuka mpaka nikawa nasoma midomo. "Kwa sauti yangu mimi. Amesema, mshukuru mumeo, zawadi nimeipokea."

Tuliingia ndani. Shemeji alikuwa mezani anakula. Dada hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha kuliko kelele.

"Mume wangu, ulimpa nani zawadi?"

Kijiko kilibaki hewani. Nilimtazama shemeji yangu, yule wa asali, yule wa maji baridi, nikaona uso wake unabadilika rangi.

"Chini ya magugu kuna kisima, kimefunikwa kwa zege," akasema. "Aliyetuuzia alinionya. Alisema upande wa kulia una mwenyewe, tusifanye kitu huko. Bei ilikuwa nzuri, nikakaa kimya. Lakini kila nikipita adhuhuri huyo mwenyewe ananiuliza, mwenzangu yuko wapi, mwenzangu yuko wapi, mpaka usingizini. Nikasema nimpe picha. Picha tu, mke wangu! Nilidhani picha itamtosha."

"Na kwa nini hukumpa ya kwako?"

Akakirudisha kijiko kwenye sahani. Halafu dada akanigeukia mimi.

"Na wewe ulinichora."

"Dada, mimi sikujua, aliniambia..."

"Alikusifia." Kofi halikuja. "Alikusifia tu, basi."

Akachukua mkasi mezani kwa mkono wa kushoto na kutoka. Tulimwona kupitia mlango uliobaki wazi, jua limesimama utosini, anauparamia ule ua wa kulia na kuukatakata kwa hasira, majani yanaruka, na kila alipokata upande huu tukasikia mkasi wa pili unakata upande wa pili, kacha kwa kacha, ukimfuata, kisha ukimtangulia, na harufu ya maji ya kisima ikaingia jikoni mpaka kwenye sahani, na shemeji akawa anamwita mkewe kwa sauti isiyotoka, nami nikakimbia, miguu inateleza kwenye kokoto kavu kana kwamba zimelowa, na nilipofika pale hapakuwa na kelele, hapakuwa na dada, ulikuwapo mkasi tu umechomekwa ardhini wima, na ua mzima, haujakatwa hata jani.

Mganga alikuja kwa pikipiki, mama wa makamo anatafuna ubani kama pipi, kofia ya pikipiki hakuivua hata ndani. Alimsikiliza shemeji mpaka mwisho.

"Wewe ulimpa picha," akamwambia. "Yeye alipokea ahadi. Toka hapa, pumzi yako inanisumbua." Kisha akanigeukia. "Washa hiyo mashine."

Nikafungua mchoro. Viduara vyote viwili vilikuwa vitupu. Mbali kabisa, mwisho wa njia, palikuwa na doa dogo la njano, linatikisika, linasogea kuelekea mlango wa jikoni bila mtu kugusa kitu.

"Ndugu wa damu ni wewe peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nitashikilia mlango wazi kwa muda mfupi. Toka, umwite, mpe mkono. Ukishamshika usiuachie, na usigeuke nyuma. Mimi nitafunga."

Nikatoka. Nikaita. Dada akaja, nikampa mkono, ulikuwa wa baridi, nikamvuta mpaka kizingitini. Nyuma yangu mganga akamwaga chumvi, akasoma maneno yake, na mfuniko wa zege ukasikika ukijisogeza mahali pake kwa mngurumo. Ua wa kulia ukanyauka mbele ya macho yetu. Harufu ikakatika. Shemeji alifungasha nguo jioni ileile, hakuna aliyemwambia kwaheri, na mtaa mzima ukajua Injinia amemtoa dada yake mikononi mwa jini. Hivyo ndivyo ninavyosimulia kila siku, na hapo ndipo watu hupiga makofi.

Wewe hujapiga. Umekaa unanitazama tu. Basi sogea karibu, yupo jikoni, asisikie.

Walikuja wawili.

Walikuja kwenye njia ile sambamba, mmoja ukingo wa kushoto, mmoja wa kulia, gauni moja, uso mmoja, kovu moja la pasi kwenye mkono, ila huyu kushoto na huyu kulia. Mganga alikuwa amefumba macho anasoma, hakuona. Wa kushoto alikuwa amechanikachanika na miiba, ananikodolea macho. "Mjinga wewe, unashangaa nini? Nitoe!" Wa kulia hata nywele hazikuwa zimetimka. Alitabasamu. "Mdogo wangu," akasema. "Injinia wangu. Bustani hii haina mfano."

Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo iniite hivyo maisha yangu yote. Mkono ulikwenda wenyewe, naapa, wenyewe, na nilipokuwa navuta nikamwona wa kushoto anainua mkono wake kama anayetaka kunipiga, halafu akaushusha.

Sasa anapika. Ukichungulia utamwona anakoroga chungu kwa mkono wa kulia. Chakula kitamu, nyumba safi, kila nikiingia ananisifu mbele za watu. Tangu siku ile hajaniita mjinga hata mara moja.

Na adhuhuri, wenzangu wanapokimbia ule uwanja, mimi naenda. Nasimama upande wa kushoto, kwenye kile kiduara, nafumba macho, natega shavu.