Moshi wa Ukutani

Mwanamume wa kwanza kummwagia Sabdio unga wa kuzimia moto ndiye aliyekuja kumpenda, na kabla ya siku hiyo hawakuwa wamewahi kuonana hata kwa mbali.

Ilikuwa siku ya soko mjini Garsen. Mabasi ya Lamu yalikuwa yanapiga honi, na watu wa Kilelengwani walikuwa wameteremsha ndizi hadi njia ikakosa pa kupita. Sabdio alikuwa mlangoni mwa duka lake la maziwa, kwenye ile safu ya maduka nyuma ya stendi, amevaa gauni refu la rangi ya bizari, mtandio ameukaza kiunoni. Alikuwa ametia makaa ndani ya kibuyu na kukitikisa, na moshi ulikuwa ukitoka mdomoni mwake polepole, mtamu. Ndivyo wafanyavyo Waorma. Kibuyu hakitiwi maziwa mpaka kifukizwe, ndipo maziwa yakae bila kuharibika na yawe na ladha yake.

Mara akatokea kijana mrefu, ovaroli ya buluu, mtungi mwekundu mkononi.

"Rudi nyuma, dada."

Ukasikika mlio wa pumzi. Kibuyu, gauni, nyusi za Sabdio, vyote vikawa vyeupe.

Kisha Kache, jirani wa tangu enzi za mama yake, Mgiriama anayekaanga viazi mlango wa pili, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndugu yangu," Sabdio alisema, akijifuta macho, "umezima maziwa ya kesho."

"Nimeona moshi."

"Umeona moshi, hukuona mtu ameukumbatia kama mtoto?"

Kijana akautazama mtungi kama aliyetaka kuurudisha ulikotoka. Alisema anaitwa Nuh, mkaguzi mpya wa zimamoto ya kaunti. Alizaliwa Chewele, akalelewa Mombasa kwa shangazi yake.

"Maziwa haya nimeyanywa tangu utotoni," alisema. "Sikujua yanaanzia motoni."

"Basi wewe kazi yako ni kunywa tu."

Nuh akacheka. Halafu akaacha kucheka, akainua pua.

"Na ule moshi mwingine?"

"Upi?"

"Wa huko ndani. Kibuyu nimekizima, lakini harufu bado naisikia."

Tabasamu la Sabdio lilikauka. "Ni vibuyu vya jana," alisema. Haikuwa kweli.

Tangu siku hiyo Nuh hakukosa kazi katika safu ile. Aliingia duka moja baada ya jingine, buti zake kubwa zikilia sakafuni. Kwa Kache alikuta mitungi ya gesi imebanana na jiko, akamtaka aisogeze mbali. Kache akaisogeza hadi ukutani na kusema imefika. Kwa muuza simu alikuta waya mmoja umebebeshwa soketi kama mpapai uliozidiwa na matunda. Kwa fundi cherehani mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo uko Hola kwa shemeji yake.

"Moto ukija utamngoja shemeji?" Nuh alimwuliza.

Kwa Sabdio alikawia. Alikagua swichi. Alikagua ndoo ya mchanga. Kisha akaikagua tena ndoo ya mchanga.

"Umeongezeka?" Sabdio akauliza.

"Nataka kuwa na hakika."

Siku hiyo alimfundisha jambo moja. "Ukishuku kuna moto nyuma ya mlango, usiuguse kwa kiganja. Kiganja kikiungua hutashika kitu tena, hata komeo la kukuokoa. Tumia mgongo wa mkono. Hivi."

Akaugusa mlango. Sabdio naye akaugusa, mkono wake karibu na wa Nuh, pasipo kugusana.

"Baridi," Nuh alisema.

"Mlango au mimi?"

"Wewe sijakagua."

Sabdio aliinama kuficha uso. Alipoinuka, Nuh alikuwa ameuelekea ukuta uliopakana na duka la Kache, uliokuwa na kibuyu kimoja kikuukuu kimetundikwa karibu na friji. Sabdio akapita mbele yake haraka.

"Ukuta huo hapana. Hicho ni kibuyu cha marehemu mama."

Mkaguzi mwingine angemwambia asogee. Nuh alisogea yeye.

Jioni simu zikaanza.

"Umelala, Bi Maziwa?"

"Nimelala. Unaongea na ndoto."

"Basi iambie ndoto nimekula wali mkavu, sina mtu wa kunipa mtindi."

"Ndoto inasema mtindi unauzwa, Bwana Zimamoto."

Lakini jioni moja sauti ya Sabdio ilikuwa chini mno, Nuh akalazimika kufunga dirisha ili amsikie.

"Mama alifariki baada ya mvua za mwaka jana. Arubaini yake haijafika, harufu ya kuni zake ikarudi dukani. Si kuni zangu, Nuh. Alikuwa na mti wake wa kufukizia, aliutoa kwao ng'ambo ya mto. Mimi sijui hata unaota wapi. Na ule ukuta una joto. Asubuhi nikiugusa ni kama ubavu wa ng'ombe aliyelala."

Nuh aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Paka wangu haingii tena. Mijusi imehama. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki naye."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Mpenzi," alisema, na lilikuwa neno ambalo hakuwahi kumwita, "nataka kuufungua ukuta huo."

"Ukiufungua ataondoka," Sabdio akasema, akakata simu.

Asubuhi Nuh alikuja na wenzake na gari. Walizima swichi kubwa ya safu nzima, wakamwamuru Kache atoe mitungi yake ya gesi hadi kiwanjani, wakabandika ilani nyekundu kila mlango. Mwenye jengo, aliyekuwa Malindi, alisema kwa simu kwamba ukuta wake hautavunjwa yeye hayupo. Angefika Jumamosi.

Wafanyabiashara wakamzunguka Nuh. Kila mmoja alitaka kujua kosa lake. Kache ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Nitalisha watoto ilani? Tuambie moto uko wapi."

"Moto uko..." Nuh alikwama. Alimtazama Sabdio, na Sabdio akatikisa kichwa. Lakini watu walikuwa wanasukumana, mmoja ameshaanza kuchana karatasi. "Ukuta wa Sabdio una joto tangu mwaka jana. Ameniambia mwenyewe."

Kache akageuka polepole, mikono bado ina unga wa dengu.

"Shoga, gesi yangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Ulijua?"

Sabdio aliinamisha uso. Nyuma kabisa mtu alinong'ona kwamba duka lile lina jini, na wanawake waliokuja na madumu ya maziwa wakaanza kurudi walikotoka, wakimkwepa kwa upana wa njia.

"Nilikupa neno la moyoni," alimwambia Nuh walipobaki wawili. "Umelitangaza kama bei ya samaki."

"Sabdio, sikiliza."

"Nilikusikiliza. Ndilo kosa langu."

Nuh alipiga simu jioni hiyo na jioni zilizofuata. Simu ilitetemeka juu ya mkeka kama mende aliyepinduliwa, na Sabdio aliitazama mpaka ikatulia.

Ijumaa ikafika. Kesho yake ukuta ungevunjwa, naye alitaka kumuaga mama yake.

Alichagua wakati wa sala ya Ijumaa, mji unapokuwa mtupu. Garsen yote ilikuwa imefunga milango. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati, na hakuna mbuzi aliyelia wala pikipiki iliyopita. Alifungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wake, akapita chini ya ile ilani nyekundu.

Harufu ilimpokea kama mtu aliyekuwa akimngoja. Haikuwahi kuwa nzito hivyo. Ilikuwa harufu ya alfajiri za utotoni, kuni za mama, shuka la mama, vidole vya mama alipomfunga mtandio wa kwanza. Stima haikuwepo, friji ilikuwa imekufa, lakini duka halikuwa kimya. Kulikuwa na kitu kinavuta pumzi ndani ya ukuta. Kilivuta, kikasita, kikavuta tena.

"Mama," Sabdio alisema.

Tak. Tak. Tak.

Aliujua mlio huo. Mama alipomaliza kufukiza alikigonga kibuyu kwa ukucha, makaa yadondoke. Hakugonga kwa namna nyingine maisha yake yote.

Simu ikalia. Safari hii aliipokea, kwa sababu alikuwa na hofu.

"Uko dukani," Nuh alisema. Hakuwa akiuliza.

"Nani amekwambia?"

"Baadaye. Mgongo wa mkono, Sabdio. Gusa ukuta."

Akagusa, na mkono ukaruka wenyewe. Ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imebabuka. Ndipo akaona rangi ya ukuta imeanza kufura mapovu, na mstari mweusi unapanda polepole kutoka kwenye waya wa friji kuelekea darini.

"Toka nje. Funga mlango nyuma yako, usiufungue tena kuchungulia."

"Kibuyu chake kiko ukutani."

"Kiache."

"Nuh, anagonga. Kama alivyokuwa akigonga akimaliza. Namsikia, nakuapia."

Kwenye simu kulikuwa na buti zinazokimbia na pumzi ya mtu. Nuh angeweza kumwambia hakuna mama pale, kwamba ni ukuta unaopasuka kwa joto. Hakumwambia hivyo.

"Akishagonga," alisema, "alikuwa anakwambiaje?"

Sabdio alifikiri. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya moshi na yasiyo ya moshi.

"Alikuwa ananiambia nitoke nje, moshi usiniumize macho."

"Basi umesikia."

Akatoka. Akafunga mlango. Alikuwa hajafika barabarani ukuta ulipopasuka nyuma yake kwa sauti ya mtu anayekohoa, na moto ukaingia darini.

Gari la zimamoto lilifika watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni mwa msikiti. Duka la maziwa liliungua paa. Kwa Kache uliungua upande mmoja, pale mitungi ya gesi ilipokuwa imesogezwa kabla haijatolewa. Kache alipatazama mahali hapo kwa muda mrefu, kisha akaenda kusimama kando ya Sabdio, akamshika kiuno.

Moto ulipokwisha, Nuh aliuvunja ukuta kwa shoka. Chini ya saruji kulikuwa na udongo, na ndani ya udongo kulikuwa na nguzo nyembamba zilizosimama bega kwa bega, nyingi zimegeuka makaa. Moshi wa mwisho ukatoka, na kila aliyekuwepo aliusikia utamu wake.

"Hizi ni kuni za mama," Sabdio alisema.

"Ni za mama yako, ndiyo," Kache akajibu. "Wewe ulikuwa mtoto mgongoni mwake. Ukuta huu aliujenga yeye, kwa miti aliyokata kwao, akaukandika. Saruji mwenye jengo aliipaka baadaye. Alisema mti ule ni mgumu, hautaliwa na mchwa."

Nuh aliinua kipande cha waya kilichoyeyuka. Fundi wa friji alikuwa ametoboa ukuta akaupitisha waya katikati ya nguzo, bila hata bomba la kuukinga. "Uliziunguza kidogo kidogo," alisema. "Moto ukishaingia ndani ya mti mgumu, haungoji stima tena. Nilipaswa kuufungua ukuta huu siku ya kwanza. Nilikuona umesimama mbele yangu, nikasahau kazi yangu."

"Friji nilinunua baada ya mazishi," Sabdio alisema taratibu. "Yeye alikuwa ameikataa. Alisema maziwa yaliyofukizwa hayahitaji friji."

Nuh alikitupa kipande cha waya ndani ya ndoo ya mchanga.

Kibuyu walikikuta kwenye beseni la maji kilimoangukia, kimeegemea ukingo, mdomo juu, kifuniko kimeng'oka. Nje kilikuwa cheusi. Hakikuwa na ufa.

Mwezi ulipoandama, Nuh alikuja nyumbani kwa mjomba wake Sabdio na wazee wake wa Chewele, amevaa kanzu nyeupe iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Wazee walipokuwa wakizungumza barazani, Sabdio alimpelekea maziwa ukumbini, mlango ukiwa wazi. Aliyamimina kutoka kwenye kibuyu cha mama.

"Naomba radhi," Nuh alisema. "Siri yako nilikuwa niitunze."

"Ulikuwa uitunze. Nami nilikuwa nimwambie Kache. Kunywa."

Nuh alikunywa, kisha akasita, bakuli likiwa bado mdomoni.

"Ni hii."

"Nini?"

"Ile Ijumaa nilikuwa safu ya mbele, imamu anahutubia. Harufu hii ikanipitia usoni kama mtandio. Nilimwuliza wa kulia, nikamwuliza wa kushoto. Hakuna aliyesikia kitu. Na upepo, Sabdio, ulikuwa unavuma kutoka msikitini kwenda madukani."

Walitazamana. Barazani wazee walicheka kitu. Juu ya kigoda, kibuyu ambacho hakuna aliyekigusa kikalia mara moja, tak, kama kilichogongwa kwa ukucha.

Nuh akaliweka bakuli chini. "Anasemaje?"

"Amemaliza kufukiza," Sabdio alisema. "Anasema kazi iliyobaki ni yetu."

Nuh aliunyoosha mkono wake taratibu, mgongo wa mkono mbele, karibu na mkono wa Sabdio, kama siku ile mlangoni. Kovu la vifundo vya Sabdio lilikuwa bado jekundu.

Sabdio akaurudisha wake nyuma kidogo, akitabasamu.

"Ngoja wazee wamalize," alisema. "Na siku ya ndoa, Bwana Zimamoto, uje na kiganja."