Fundi Saa na Kitufe cha Baadaye

Sogeeni karibu, majirani, na wewe pia ambaye simu yako imekuwa ikikuomba jambo tangu juzi nawe unaifunika kwa kiganja. Nataka kuwasimulia yaliyoifika nyumba moja tulivu, nyumba isiyo na ugomvi wala ulevi. Mimi mwenyewe nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Ilikuwa Jumamosi alasiri na mvua imetoka kukatika. Fundi Saa, mzee wa vidole vyembamba na miwani minene, alikuwa amejinyoosha kitini. Mkewe alikuwa akikunja nguo. Kutoka kwenye kompyuta iliyokaa juu ya meza ya kona ilisikika sauti ya mwanamke ikisimulia: "Basi mjukuu wangu, yule paka alikuwa anaogopa panya mpaka anajificha chini ya kitanda..."

Sauti ile ilikuwa ya mkewe. Lakini mkewe mwenyewe alikuwa amefumba mdomo, anatabasamu.

Msishangae. Mwaka mmoja na nusu nyuma, mama huyu, mwalimu wa watoto wadogo aliyeweza kunyamazisha darasa zima kwa kuita mara moja, alipasuliwa koo kwa ugonjwa mbaya. Madaktari waliokoa maisha yake, ila sauti haikurudi. Wiki moja kabla ya upasuaji, binti yao wa pekee alikuja na maikrofoni ya kuazima, akamketisha mbele ya kompyuta hiyo siku tatu. Walirekodi hadithi, nyimbo za kubembeleza watoto, na maneno kwa mjukuu ambaye hakuwa hata na dalili. Zilikuwa rekodi thelathini na nane. Tangu hapo mama alizungumza kwa kuandika kwenye kibao cheupe alichokivaa shingoni kwa kamba, na kila Jumamosi walikaa kumsikiliza. Na sasa binti alikuwa na mimba ya miezi minane, anatarajiwa kufika kesho yake ili ajifungulie nyumbani.

Hadithi ya paka ilipofika patamu, kikaratasi kikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta: kuna sasisho muhimu la usalama, tusakinishe sasa au tukukumbushe baadaye?

"Wameanza tena hawa," akanung'unika Fundi Saa, akabonyeza "baadaye" bila hata kuvaa miwani vizuri.

Mkewe akaandika kwenye kibao: *Binti alisema tusipuuze.*

"Mama watoto, mimi ni fundi. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Nikianza kuchokonoa kitu kizima, si nitakiua?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na aliishika kwa miaka mitatu. Sasisho likija, baadaye. Ruta, kile kiboksi cha kusambaza intaneti, ilikuwa bado na neno la siri la kiwandani, lile lililobandikwa chini yake, kwa sababu "kiwanda kinajua zaidi yangu." Mkewe aliifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isiharibu sura ya sebule. Hata diski ya nje, ambayo binti aliileta ili wanakili zile rekodi, ilikuwa kabatini ndani ya boksi lake, haijafunguliwa. Binti akiuliza kwa simu, baba anamwambia, "Wiki ijayo, mwanangu." Alipiga kalenda mpaka kalenda yenyewe ikachoka. Ninyi mnaocheka hapo nyuma, hebu niambieni nakala za picha zenu ziko wapi.

Siku za karibuni kompyuta ilikuwa nzito, na feni yake inavuma hata isipoguswa. Fundi Saa aliipuliza vumbi kwa kile kipira anachopulizia saa, akaizima na kuiwasha, ikaamka. Akajipongeza.

Jumapili asubuhi binti akafika, amechoka, tumbo mbele. Kabla hata hajavua viatu akasema, "Mama, niwekee ile ya paka. Mtoto akikusikia anarusha mateke."

Fundi Saa akakimbilia kompyuta kwa bashasha. Akabonyeza faili la paka. Halikufunguka. Akabonyeza la pili, la tatu. Majina yote yalikuwa yamebadilika yakawa mchanganyiko wa herufi na namba usiosomeka. Mara kioo kizima kikawa cheusi na maandishi mekundu yakatokea: mafaili yako yote yamefungwa, lipa ndani ya siku tatu au yafutwe.

Akazima, akawasha. Maandishi yakawa pale pale. Akazima tena, akachomoa waya ukutani, akauchomeka kwa mikono ile ile ambayo kwa miaka arobaini haikuwahi kuangusha skrubu. Maandishi mekundu yakamkodolea macho.

"Baba, ile diski niliyokuletea iko wapi?" binti akauliza polepole.

Alilitazama kabati. Binti akaenda, akalifungua, akalitoa boksi. Plastiki yake ya dukani ilikuwa bado imelikaza.

"Baba!"

Neno hilo lilimwingia kuliko matusi. Mkewe, aliyekuwa jikoni, akaja mbio. Akasoma kioo, akasoma nyuso zao. Kisha akaandika neno moja tu kwenye kibao, akamgeuzia mumewe.

*Tena?*

Ndugu zangu, Fundi Saa alikaa chini sakafuni. Hakutafuta kiti. Mara ya kwanza ugonjwa ndio uliompokonya mkewe sauti, na hakuna aliyelaumiwa. Mara hii aliyempokonya alikuwa yeye, kwa kidole chake.

Jumatatu, duka lilipofunguliwa tu, waliibeba kompyuta kwa fundi kompyuta wa mtaa wa pili, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliichunguza mpaka adhuhuri. Kisha akaomba aelezwe pia habari za ruta, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Fundi mwenzangu, nikufiche au nikwambie?"

"Niambie."

"Waliingia kwa mtandao. Ruta ilikuwa na neno la siri ambalo kila mhuni analijua, na kompyuta ilikuwa na tundu. Tundu lenyewe lilishazibwa na waliotengeneza programu, miaka miwili sasa. Kiraka kilikuwa ndani ya lile sasisho ulilokuwa ukiliambia baadaye."

"Miaka miwili?"

"Miwili. Na hawa waliofunga mafaili, kufuli lao sina ufunguo wake. Hata mkiwalipa, wengi hulipa wasifunguliwe. Siwezi kuwadanganya."

Fundi Saa akajitetea. "Lakini ilikuwa inafanya kazi! Kitu kinachofanya kazi..."

Fundi kompyuta akanyoosha mkono wake wa kushoto. Kulikuwa na saa ya zamani ya mkanda wa ngozi.

"Unaikumbuka hii? Nilikuletea nibadilishiwe mkanda tu. Ukaniambia niiache uifungue, uisafishe, uipake mafuta. Nikakwambia mbona inatembea vizuri? Ukanigombeza. Ukasema saa isiyopakwa mafuta hutembea vizuri huku inajisaga ndani kwa ndani, na siku ikisimama huwa imeshakufa zamani."

Maneno yalikuwa ya Fundi Saa, neno kwa neno. Aliyasema dukani kwake kila siku, mpaka wateja wakamtania, na hata mara moja hayakuvuka mlango wa nyumba yake. Aliitazama saa ile ikitembea, akalia mbele ya watu.

Waliporudi nyumbani hapakuwa na wa kumtuliza mwenzake. Binti alijilaza kochini akapitiwa na usingizi wa uchovu. Saa kumi jioni simu yake, aliyokuwa ameitegesha imkumbushe kunywa dawa, ikapasua kimya cha sebule:

"Wee msichana! Amka! Jua limefika utosini nawe bado umejikunja kama kamba? Amka upesi!"

Wote watatu walishtuka kama waliopigwa na umeme. Ilikuwa sauti ya mama. Binti akakurupuka, akaishika simu kwa mikono miwili. Siku zile za kurekodi alilala akachelewa, mama akaja kumwamsha kwa makelele, naye kwa utani akamrekodi kwa simu akaifanya mlio wa kumwamshia. Alishaizoea kiasi kwamba hakuikumbuka.

Yalikuwa maneno ya sekunde saba. Hadithi zote, nyimbo zote, mapenzi yote yaliyopangwa kwa utaratibu kwa ajili ya mjukuu yalipotea. Kilichobaki ni karipio.

Mama akacheka bila sauti, mabega yakicheza na machozi yakimtiririka. Akaandika: *Angalau mjukuu hatachelewa shule.*

Fundi Saa hakucheka. Alinyanyuka, akachana ile plastiki ya boksi la diski kwa meno. Jioni ile ile waliichomeka diski kwenye simu ya binti, wakanakili sekunde saba zile, kisha wakazituma kwenye simu ya Fundi Saa na ya fundi kompyuta. Kisha akaiondoa ruta kitambaa, akaigeuza, akamwomba binti amfundishe kubadilisha neno la siri. Mtoto alipozaliwa, babu alimsogezea simu sikioni amsikie bibi yake. Mtoto akaanza kulia.

Funzo

Wenzangu, nyumba hii haikuangushwa na adui mkubwa. Iliangushwa na kidole kimoja kilichozoea kubonyeza "baadaye". Sasisha kompyuta na simu yako siku ile ile unapoombwa. Badilisha neno la siri la kiwandani kwenye ruta yako. Kile usichoweza kukirekodi upya, kiwe na nakala mahali pengine, si diski iliyolala ndani ya boksi. Na ewe fundi, daktari, mwalimu, unayewaonya watu mchana kutwa, jioni nenda na maonyo yako nyumbani. Fundi Saa anayo sauti ya mkewe ya sekunde saba tu, na kila anapoisikia inamwambia aamke.