Mnara wa Malkia

Tofali la kwanza lililomtia Swaumu wasiwasi lilikuwa jeusi. Alilikuta chini ya kitanda cha Joha alipokuwa anafagia, tofali dogo la plastiki lenye vinundu vinne juu yake, akalishika kiganjani kwa muda kwa sababu lilikuwa baridi. Ulikuwa mwezi wa tisa, na mchana ule Ipagala nzima, pale Dodoma, ilikuwa imejificha jua. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Hakukuwa na sababu ya kitu chochote ndani ya nyumba ile kuwa baridi. Tena, katika boksi la Joha hapakuwa na tofali jeusi hata moja. Yalikuwa ya kijivu na ya buluu tu.

Boksi lile Adamu, mume wake, alilinunua kwenye duka moja la Barabara ya Saba, miaka ile maduka ya mji yalipoanza kujaa vitu vya nje ambavyo zamani mtu alivisikia kwa waliosafiri. Adamu alikuwa karani katika ofisi za Bunge. Hakuwa mtu wa kununua midoli, lakini mtoto alikuwa amefiwa na mama, naye hakujua kitu kingine cha kumfanyia.

Matofali yale yalitokana na sinema za *Wana wa Ukungu*, ambazo watoto wa mtaa walikwenda kuziangalia kwenye video ya jirani, Mama Brightness. Malkia amefungiwa kwenye mnara juu ya mawingu, na binti yake anamtafuta. Sinema mbili zilikuwa zimeshatoka na binti alikuwa bado hajafika. Ya tatu ilikuwa njiani, na ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi cha rangi kinachoonyesha seti zitakazotoka pamoja nayo. Kubwa kuliko zote ilikuwa Mnara wa Malkia, mweusi, una mlango mwekundu juu kabisa. Mwenye duka alisema hata Ulaya haujaanza kuuzwa. Joha alikibandika kikaratasi ukutani kwa uji mzito, juu ya mto wake.

"Joha," Swaumu aliita. "Hili umelitoa wapi?"

Mtoto alikuwa amelala kifudifudi sakafuni. Hakugeuka. "Mama ameniletea."

"Mimi sijakuletea tofali."

"Siyo wewe, mama mdogo. Mama."

Swaumu alikuwa mama mdogo kweli, kwa damu. Amina, mama yake Joha, alikuwa dada yake wa tumbo moja. Amina alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, wazee wa pande zote mbili walikaa kule Kondoa, wakaona ni heri Swaumu aolewe na Adamu, mtoto asilelewe na mgeni. Swaumu hakukataa. Ila mpaka siku ile ulimi ulikuwa unamteleza, akamwita mumewe "shemeji," na Adamu akaitika bila hata kushtuka.

Akalirudisha tofali sakafuni, akamalizia kufagia. Alijiambia kwamba mtoto amebadilishana na wenzake.

Lakini meusi yaliongezeka. Kila baada ya usingizi wa mchana kulikuwa na mapya, na mnara ulipanda pembeni ya kitanda, ukafika magotini kwa Joha, ukafika kiunoni. Swaumu alisimama siku moja akaulinganisha na picha ya ukutani, ngazi kwa ngazi, dirisha kwa dirisha. Ulikuwa ndio wenyewe, mnara ambao ulikuwa bado haujaletwa dukani.

Kisha ikaja harufu. Mvua ilikuwa haijanyesha Dodoma tangu mwezi wa nne, upepo ulikuwa unapeperusha vumbi mpaka ndani ya masufuria, lakini chumba cha Joha kilinuka udongo uliolowa. Mwanzoni Swaumu aliipenda. Siku ya tatu akagundua kwamba ndani yake kuna kafuri, ile wanayomtilia maiti, akatoka mbio akaenda kutapika nyuma ya choo.

Joha alikuwa anakonda. Akitengewa chakula alikigusagusa tu, akasema ameshakula. Shingo ilikuwa nyembamba, macho makubwa, lakini alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomtesa Swaumu. Tangu msiba hakuwahi kumwona mtoto yule akiwa na furaha.

Jumamosi moja, saa za joto kali, walikuwa wote wawili uani. Swaumu alikuwa anafua, Joha anamwagia maji. Madirisha yalikuwa wazi. Kutoka chumbani, ambako hapakuwa na mtu, ikasikika: *tak*. Kimya. *Tak*. Sauti ya tofali likibanwa juu ya tofali, bila haraka, kama mtu aliyekaa mkao wa kustarehe na kazi anaijua. Joha akainua kichwa akatabasamu.

"Amekuja mapema leo," alisema, akaliweka kopo chini.

Swaumu alimshika mkono, akamvuta mpaka kwa Mama Brightness.

Mama Brightness alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya kusikika nyumba tatu. Siku hiyo alinong'ona. "Mama Joha, nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Brightness hataki tena kuja kwenu. Anasema kuna mama anakaa nyuma ya mlango, amegeukia ukuta."

"Anafananaje?"

"Hajamwona uso." Akatazama kama Joha anasikia. "Anasema anaimba. Baba Joha anajua?"

Swaumu alikuwa hajamwambia. Aliogopa kuonekana anamwonea wivu marehemu. Jioni ile, umeme ulipokatika kama kawaida ya siku hizo, aliwasha kibatari akaenda kumtafuta mumewe amweleze. Hakumkuta sebuleni. Alimkuta ukumbini, amekaa chini na shati lake la kazini, kichwa amekiegemeza kwenye mlango wa chumba cha Joha. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hayafuti. Ndani ya chumba, mwanamke alikuwa anaimba taratibu wimbo wa kuchambua ulezi, wa kwao Kondoa, kwa sauti ambayo Swaumu alilala akiisikia utoto wake wote.

"Shemeji," alisema, na ulimi haukuwa umeteleza safari hii.

"Najua, Swaumu. Usiseme kitu." Adamu hakufumbua macho. "Najua tangu mwezi uliopita. Niache nisikie kidogo tu."

"Mtoto anakwisha, Baba Joha."

"Kidogo tu."

Alfajiri Swaumu alipiga simu Kondoa kutoka kibanda cha simu, na siku iliyofuata basi likamleta Shekhe Khamisi, aliyewasomesha yeye na Amina Kurani chuoni walipokuwa wadogo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi na viatu vya matairi. Aliingia chumbani, akauzunguka mnara bila kuugusa. Ulikuwa umempita Joha kimo. Juu kabisa palikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa bado halina mlango.

"Mlango analeta lini?" alimuuliza mtoto, kwa upole.

"Leo magharibi, babu. Halafu naingia, tunakaa wote."

Shekhe alitoka nje akanawa mikono muda mrefu. Adamu na Swaumu walimfuata.

"Huyu ni jini, na hakuvunja mlango," alisema. "Amekaribishwa. Mnamlilia marehemu kwa jina, kila siku, naye ameitika. Mimi nitasoma. Lakini nikiondoka na nyinyi bado mnamwita, atarudi kabla basi halijafika Kondoa. Lazima mmoja wenu amwambie usoni kwamba yeye siye."

"Nani anayemwita?" Swaumu aliuliza.

Mzee alimtazama Adamu, akatazama dirisha la Joha, kisha akamtazama yeye. "Wote watatu, mwanangu."

Jua lilipozama, vumbi likiwa limeugeuza mji wote rangi ya damu ya mzee, waliingia. Shekhe alikaa kizingitini akaanza kusoma. Joha alikuwa kitandani, amevaa gauni lake la Idi, miguu inaning'inia. Nyuma ya mlango, pale ambapo mwanga wa kibatari haukufika, palikuwa na mtu amesimama ameelekea ukutani. Khanga aliyojifunga ilikuwa imelowa, na inadondosha maji yasiyoacha alama sakafuni.

"Nenda, Baba Joha," Swaumu alinong'ona.

Adamu alisogea hatua. Alikuwa amefundishwa maneno, ameyarudia uani mchana kutwa, lakini yaliyotoka hayakuwa yale. "Amina," alisema. "Kifua bado kinakuuma?"

"Hakiniumi tena, Baba Joha," sauti ilijibu, tamu, haina mkwaruzo hata kidogo. "Nimepona."

Adamu alipiga magoti, akajifunika uso, na hakuweza tena kuwa msaada kwa mtu yeyote jioni ile.

*Tak*. Mlango mwekundu ulikuwa mahali pake, na hakuna aliyeona umewekwaje. Joha akateremka kitandani. Swaumu akasogea mbele yake, na hapo ndipo kile kilichokuwa ukutani kilipomwita yeye. "Sau," kilisema. "Sau, baridi. Njoo tulale." Ni Amina peke yake aliyewahi kumwita Sau, enzi zile walipolala mkeka mmoja na kugombania blanketi moja, na Swaumu alisikia mwili wake mzima ukivutwa kuelekea pembe ile, kama mtoto anavyovutwa na usingizi, huku harufu ya udongo na kafuri ikimjaa puani mpaka kooni, huku sauti ya shekhe ikififia kama redio inayoishiwa betri, huku akijua kabisa kwamba akigusa khanga ile hatarudi, na bado akitaka, kwa moyo wake wote akitaka, kuigusa.

"Mimi ndiye niliyemwosha Amina," alisema.

Sauti yake ilimtoka ndogo. Akaanza upya.

"Nilimwosha kwa mikono hii. Alikuwa na kidonda mgongoni cha kulalia. Mkono wa kushoto ulikataa kunyooka. Kidevu nilimfunga mimi. Miezi mitatu hakumaliza sentensi bila kukohoa, na sauti ya mwisho aliyonisemeshea ilikuwa mbaya, nzito, siyo hii. Hii umeichukua kwetu. Ni ile tunayoitamani." Alikuwa analia sasa. "Dada yangu amekufa. Wewe siye. Toka."

"Mama, usiende!" Joha alipiga kelele. Alimrukia Swaumu, akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akampiga mateke. "Muongo! Muongo wewe! Mama!"

"Toka," Swaumu alisema tena, akimkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote. "Katika nyumba hii hakuna anayekuita."

Kitu kile kilianza kulia. Kililia kwa sauti ya Amina, kilio cha mtu anayetolewa kwake, na Adamu pale chini akakiitikia. Shekhe akapandisha kisomo. Dirisha likafunguka na kujibamiza. Kilio kikatoka nje, kikavuka ua, kikaelekea upande wa mashamba ya zabibu, na kilivyokuwa kinakwenda mbali kilikuwa kinabadilika, kinapungua ujana, kinapata mkwaruzo mwingine, mpaka Swaumu akatambua sauti hiyo ni ya nani. Ilikuwa yake mwenyewe.

Asubuhi mnara ulikuwa lundo la vibonge vya udongo mwekundu. Shekhe Khamisi aliuzoa wote ndani ya gunia, akaenda nao makaburini, akaufukia pale alipoona udongo umechotwa.

Joha alipona. Baada ya wiki mbili alikuwa anakula kama watoto wengine, na shule zilipofunguliwa alirudi darasani. Lakini hakumsemesha Swaumu. Akitumwa alikwenda, akiulizwa aliitikia kwa kichwa. Adamu naye alikuwa anarudi kutoka kazini, anakula, anakaa ukumbini gizani. Hakuwahi kumlaumu mkewe, ila mara moja tu, mvua za kwanza zilipoanza kupiga bati, alisema bila kumtazama, "Ungetuachia hata sauti." Swaumu naye alikuwa analiwaza hilo hilo.

Ilipita masika nzima. Siku moja ya mavuno Swaumu alikuwa nyuma ya nyumba anachambua karanga, na Joha akaja akakaa kwenye kigoda cha pili. Alichukua konzi ya karanga akaanza kubangua.

"Mama mdogo," alisema. Lilikuwa neno la kwanza tangu siku ile. "Alipotoka, aliumia?"

Swaumu angeweza kudanganya. "Sijui, mwanangu. Alilia."

"Nilisikia. Mwishoni alilia kama wewe."

"Ulisikia?"

"Ndiyo."

Waliendelea kubangua. Kuku walizunguka, wakisubiri maganda.

"Basi nisikilize," Swaumu alisema. "Siku nikifa mimi, ukisikia nakuita, hata nikikuita kwa jina lako, hata nikisema naumwa, nina baridi, usiitike. Umenielewa? Usiitike, Joha."

Mtoto aliligeuzageuza ganda la karanga mkononi.

"Na mimi je?" aliuliza. "Nikitangulia mimi, halafu nikakuita. Hutaitika?"

Swaumu alifungua mdomo. Alimtazama Joha, shingo iliyonenepa tena, vumbi la karanga mashavuni, macho ya dada yake. Akafumba mdomo, akainama, akaendelea kubangua.