Popo Mwenye Hina

Kila alfajiri, baada ya sala na kabla ya kwenda kununua boflo, Afra alikuwa popo.

Alipanda juu ya kigoda uani, akarukia boriti iliyokatiza kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, akaning'inia. Kisha akaanza safari: mkono wa kulia mbele, mkono wa kushoto mbele, miguu ikipembea hewani, mpaka akaugusa ukuta wa upande wa pili na kurudi. Nyumba yao ya Malindi, mjini Zanzibar, ilikuwa ya kale, ya mawe na chokaa. Dari la uani lilikwisha kuanguka zamani, ikabaki boriti hiyo moja ya mkoko, ngumu kama chuma na yenye magamba kama samaki.

"Popo wangu kaamka?" aliita bibi yake, Bi Rawiya, kutoka jikoni.

"Naam, Bibi! Nshakwenda mara ishirini!"

"Basi shuka ukalete mkate. Popo hula mapera, sie twataka boflo."

Afra alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mwaka huo skuli za Unguja zilikuwa na mashindano ya vikwazo yaliyoitwa Ruka Uvuke, na skuli yake ilikuwa imeingia fainali. Fainali hiyo ingefanyika Jumamosi katika viwanja vya Maisara, na kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Kila skuli ilitoa watoto wanne, kila mmoja na kikwazo chake. Samir alitambaa chini ya nyavu. Matar aliparamia ukuta wa mbao. Duni, msichana mwembamba wa Jang'ombe, alikimbia ndani ya matairi. Afra alimalizia kwa kikwazo kilichoogopwa kuliko vyote, kilichoitwa Popo.

Popo kilikuwa na vyuma kumi vilivyolazwa juu kama ngazi, halafu kamba tatu zilizoning'inia mbalimbali, na chini yake dimbwi la maji ya matope. Ulivuka kwa mikono mitupu. Aliyeanguka aliongezewa dakika nzima, na katika mashindano yale dakika ilikuwa ni mwaka.

Watoto wengi walishindwa kwenye kamba. Afra hakushindwa, kwa kuwa alikuwa na siri. Baba yake, Zahran, alikuwa hamali bandarini, na siku moja alimwambia, "Mzigo haubebwi kwa mkono uliokunjwa. Nyoosha mkono, mfupa ubebe. Nyama huchoka, mfupa hauchoki." Afra aliyapeleka maneno hayo kwenye boriti, akaona kweli. Lakini hakumwambia mtu yeyote, hata Duni aliyekuwa akianguka kila Jumanne walipobadilishana vikwazo kwenye mazoezi.

"Duni hawezi hata kuning'iniza nguo kwenye kamba," Afra alimnong'oneza Samir, wakacheka. Duni alisikia. Alijifuta matope tu.

Basi Jumatatu ya wiki ya fainali, baba alirudi nyumbani na habari. "Nimewaambia mahamali wote. Jumamosi tutakaa kwa Makungu muuza kahawa, ana televisheni kubwa. Bandari nzima itakutazama, mwanangu."

Moyo wa Afra ulijaa. Jioni ile hakwenda mara ishirini, alikwenda mara sitini. Malengelenge yalitoka kwenye viganja, akaendelea. Yalipasuka, akaendelea. Aliposhuka, ngozi ilikuwa imechubuka viganja vyote viwili, na vipande vya gamba la boriti vimejikita ndani ya nyama.

Alivitoa kwa sindano, akanyamaza. Kufikia Jumatano kiganja cha kulia kilikuwa chekundu, kimevimba, na kinatoa majimaji ya manjano.

Alijua la kufanya, na alijua kwa nini hataki kulifanya. Mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Mwatum, alikuwa na kanuni moja isiyopinda: Alhamisi ni siku ya mikono. Alipita kwa kila mtoto akitazama viganja. "Mwenye kidonda hagusi chuma mpaka kipone," alisema kila mara. "Kidonda kwenye chuma cha watu wengi ni kidonda cha watu wengi."

Afra alifikiri, kisha akamwendea bibi yake. Bi Rawiya alikuwa fundi wa kupaka hina maharusi wa Malindi nzima, ingawa siku hizi macho yake yalimsumbua.

"Bibi, nipake hina. Nitaonekana kwenye televisheni."

"Mbona umechelewa kusema!" Bibi alifurahi mno. Akaikanda hina kwa ndimu, kama desturi yake, akamchora maua nyuma ya mikono yote miwili. Alipotaka kuigeuza mikono, Afra aliikunja ngumi.

"Viganja nitapaka mwenyewe, Bibi. Nataka kujifunza."

Alikwenda chumbani, akajipaka hina viganja vizima. Ndimu ilipoingia kwenye kidonda aliuma mto asipige kelele. Lakini asubuhi viganja vilikuwa vyekundu vyote, na wekundu wa kidonda ulipotea ndani ya wekundu wa hina.

"Mikono juu!" alisema Mwalimu Mwatum siku hiyo ya Alhamisi. Alipofika kwa Afra alitabasamu. "Haya! Tunakwenda Maisara au tunakwenda harusini?"

Wote wakacheka. Afra naye akacheka. Mwalimu akapita.

Ijumaa, baada ya sala, sinia la wali wa nazi liliwekwa juu ya mkeka, na mchuzi wa samaki wenye ukwaju na pilipili. Baba akanawa, Bibi akanawa. Afra alikwenda jikoni akarudi na kijiko.

Baba akamtazama. "Leo tuna mgeni kutoka Ulaya?"

"Sitaki hina ifubae, Baba."

"Hina haijapata kuogopa wali," Bibi alishangaa. "Bibi harusi hula na hina yake, na jamaa wakamsifu."

Baba hakucheka. Alikula matonge mawili, kisha akasema polepole, "Mimi mikono ndiyo kazi yangu, Afra. Hamali akianza kushika vitu kwa ncha za vidole, huwa najua. Mkono una nini?"

"Hauna kitu, Baba."

"Haya," alisema baba, akarudi kwenye chakula chake. Afra aliona heri angegombezwa.

Jumamosi, Maisara ilijaa watu. Kamera moja ilikuwa juu ya jukwaa, nyingine mtu aliibeba begani. Kila mshindani aliruhusiwa kujaribu kikwazo chake kidogo kabla ya kuanza. Afra alirukia chuma cha kwanza. Maumivu yalipanda kutoka kiganjani hadi kwapani, vidole vikafunguka vyenyewe, akadondoka kitako ukingoni mwa dimbwi.

"Nimeteleza tu," alimwambia Duni aliyekuwa amesimama karibu.

Duni alimshika mkono kumwinua, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umelowa majimaji. "Afra," aliuliza kwa sauti ya chini, "hina yako ya juzi haijakauka mpaka leo?"

Afra aliificha mikono nyuma.

"Unaumwa. Usinidanganye, nimekuona unavyoshika begi kwa kiwiko." Duni alikuwa kama atalia kwa hasira. "Miye sitasema, maana si mbeya. Lakini ukianguka wewe tunaanguka wote wanne, na Samir na Matar hawajui wanaangushwa na nini."

Afra alitazama kule kwa wenzake. Samir alikuwa akiruka-ruka kupasha mwili moto, Matar akimwigiza kwa nyuma kama kima, wote wawili wana furaha kwa sababu walimwamini yeye. Akawaza bandari nzima iliyomngoja mbele ya televisheni. Kisha akawaza kijiko.

Alimwendea Mwalimu Mwatum, akafungua viganja.

"Mwalimu, chini ya hina kuna kidonda. Tangu Jumatatu. Nilipaka ili usione."

Mwalimu aliinama, akatazama. Kwa muda uso wake ulikuwa mgumu. "Umegusa nini leo?"

"Chuma cha kwanza tu."

Mwalimu akamwita muuguzi wa huduma ya kwanza. Chuma kilifutwa kwa dawa, na viganja vya Afra vikasafishwa na kufungwa bendeji nyeupe hadi kwenye vifundo. Ilimchoma, lakini si kama ile ndimu.

"Nimekasirika, na tutazungumza," alisema Mwalimu Mwatum. "Lakini miguu yako ni mizima, na kanuni inaturuhusu kubadilishana kabla ya filimbi. Utakimbia matairi. Duni, wewe ni Popo."

"Mie?" Duni alishtuka. "Mwalimu, mie huanguka kila Jumanne!"

"Huanguki kwa udhaifu," Afra alidakia. Maneno yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko yale ya kidonda. "Unaanguka kwa sababu unakunja mikono. Mimi najua dawa yake siku nyingi, nikaificha. Njoo."

Kwa dakika kumi zilizobaki alimfundisha mwenzake chini ya kivuli cha jukwaa. Nyoosha mkono, mfupa ubebe. Pembea kwa kiuno. Tazama kamba inayofuata, si ile uliyoishika. Achia mwisho wa mpembeo, usiachie katikati.

"Na ile ya kuning'iniza nguo," Afra alimalizia, "nisamehe."

"Nikivuka nimekusamehe," alisema Duni. "Nikianguka utanifulia hizi nguo."

Filimbi ikalia. Skuli sita ziliondoka pamoja. Samir alitoka chini ya nyavu wa nne, Matar akaparamia ukuta akawa wa tatu. Alipomgusa Afra begani, Afra aliruka ndani ya matairi kama aliyefukuzwa na nyuki. Mikono aliibana kifuani, lakini miguu ilikuwa yake yote. Aliwapita wawili, akamgusa Duni, naye Duni akarukia chuma.

"Nyoosha!" Afra alikimbia kando ya dimbwi. "Nyoosha! Pembea!"

Vyuma kumi vikaisha. Kamba ya kwanza. Msichana wa skuli nyingine akateleza, maji ya matope yakaruka hadi usoni mwa Afra. Kamba ya pili. Pale ndipo Duni alipozoea kuanguka, na kweli viwiko vyake vilianza kukunjika.

"Mfupa, Duni! Mfupa ubebe!"

Mikono ikanyooka. Duni akapembea mara moja, akapembea mara mbili, akaachia. Aliidaka kamba ya tatu kwa mkono mmoja, akazunguka kama pia, mkono wa pili ukafika, na mara akawa amesimama ng'ambo, mkavu, ameshangaa kuliko watazamaji wote.

Walikuwa wa pili, kwani skuli moja iliwapita kwenye kamba. Walipewa medali na mpira wa ngozi, na Duni akabebwa juu juu na wenzake, akipiga kelele wamteremshe kwa kuwa ameshachoka kuning'inia.

Jioni baba alirudi kutoka kwa Makungu. Afra alimngoja mlangoni, mikono nyuma.

"Baba, nilikudanganya."

"Najua. Na Malindi nzima inajua. Yule mwenye kamera alikupenda wewe na bendeji zako kuliko waliovuka. Mahamali wakaniuliza, 'Zahran, mtoto wako mbona hayupo juu?' Nikawaambia, tazameni vizuri, yupo chini anamvusha mwenzake."

"Hina yangu yote wameifunga!" alilalamika Bibi. Kisha akamshika Afra kidevu. "Na mimi ningeambiwa, nisingekukandia kwa ndimu. Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humfichua."

Baba akamkalisha karibu yake. "Sikiliza, mwanangu. Mkono ukiumia husema, na hausemi ili kukuaibisha, husema ili usaidiwe. Kidonda ukikitangaza kinapata dawa, na kazi yako inapata mtu wa kuipokea. Ukikificha, kinakula mkono, halafu kinakula na wenzako. Na maarifa ni hivyo hivyo. Usingempa Duni yale uliyoyajua, leo yangezama nawe ndani ya tope."

Baada ya wiki mbili viganja vilipona. Ijumaa ile Duni alikuja kula nao, na alipokaribishwa alinyoosha mikono yake miwili kwa Bibi, ili baadaye achorwe maua. Sinia likawekwa juu ya mkeka. Baba, kwa mzaha, akaweka kijiko mbele ya Afra.

Afra alikirudisha jikoni, akanawa, akatia mkono kwenye wali.