Mteja Aliyedai Ameizoea Bahari

Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, duka la Espuma pale Miraflores, jijini Lima, lilifurika watu mpaka kwenye ngazi. Wanawake walikuwa wananyang'anyana suti za mpira za kuzuia baridi ya maji, vijana wanagongagonga mbao za kupandia mawimbi kama wanachagua matikiti. Katikati ya zogo alisimama Rosaura Chumpitaz, muuzaji, kaptura ya jinzi na fulana nyeupe ya duka, nywele zimekauka kwa chumvi na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuwa anamwambia kijana mmoja wa kitajiri kwamba ubao alioushika utamzamisha, autue, achukue ule wa pembeni.

Hapo ndipo akaingia Leoncio Baldárrago, fundi wa lifti, mtu wa Arequipa huko milimani, ndani ya ovaroli la bluu lililochafuka grisi. Lifti ya jengo lile ilikuwa imekwama na yeye alikuwa anamtafuta mlinzi ampe funguo. Alikosea mlango. Akamsikiliza Rosaura, akamwona kijana anautua ubao bila ubishi, na habari ya funguo ikamtoka kichwani.

"Karibu, kaka. Unatafuta ubao?" Rosaura akamuuliza.

"Ndiyo," akajibu Leoncio, ambaye hata rangi ya ubao hakuwa ameifikiria maishani mwake.

"Umewahi kupanda mawimbi?"

"Miaka mitatu sasa. Kule Mollendo."

Uongo mtupu. Mollendo alifika, akala samaki, akapanda basi akarudi kwao. Lakini tusimwonee peke yake. Hakuna mahali watu wanadanganya kama kwenye duka la mbao za mawimbi. Mwenye kilo tisini anasema sabini, aliyelowa mara mbili anasema kazaliwa majini. Kwa sababu hiyo Bi Hortensia, mwenye duka, aliweka desturi yake: ubao hautoki mpaka mnunuzi alale kifudifudi juu ya zulia, apige hewa kwa mikono kama anaogelea, kisha aruke asimame. Awe hakimu, awe mtawa, analala. Mdomo wa mteja unaweza kusema lolote, Bi Hortensia alikuwa akisema, lakini miguu haijui kudanganya.

Rosaura alijua hilo kuliko yeyote. Tena msimu ule alikuwa na sababu ya kutokosea. Bi Hortensia alikuwa anafungua duka la pili kusini, Punta Hermosa, wanakoishi wapanda mawimbi wenyewe, na msimamizi angekuwa ama Rosaura ama mwenzake Edilberto. Rosaura alilitaka duka lile kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukitaka. Alishajua hata rafu angeziweka upande gani.

Sasa akamtazama mtu huyu wa ovaroli, vishimo mashavuni, macho yasiyobanduka usoni mwake, na umati uliokuwa unasubiri kucheka. Akaona haya kumlaza mbele yao. Akasema basi, anamwamini, akampa ubao mfupi mwembamba wa watu waliokwisha kukomaa. Zulia wakalipita. Leoncio akaomba namba ya simu, eti kwa ushauri wa mawimbi, na Rosaura akampa haraka kuliko ilivyompasa mwanamke anayejiheshimu.

Ikawa kila mchana simu inalia.

"Mawimbi yakoje leo, dada mshauri?"

"We Mlima, si uko juu ya ghorofa? Unayaona kuliko mimi."

"Nayaona, lakini hayanisemeshi."

Rosaura alikuwa anajificha nyuma ya suti za mpira ili wenzake wasimwone anavyotabasamu. Ijumaa Leoncio alikuwa anakuja mwenyewe, kanyoa, kanukia, ananunua nta ya kupaka ubao. Rosaura akamuuliza kama hiyo nta anaila. Akajibu anapaka kwenye mkate. Jioni wakawa wanatembea mpaka kwa mama anayekaanga picarones, vitumbua vya maboga, wanakula vya moto mpaka asali inawachuruzika viganjani, na hapo Rosaura akamweleza habari zote za Punta Hermosa. Alimpenda. Alipomaliza kuhesabu sababu za kutompenda, alijikuta bado anampenda.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee hawakukosea. Siku moja Rosaura akasema Jumapili hana zamu, waingie baharini pamoja. Leoncio akaitikia.

Rosaura aliposhuka ufukweni Makaha, alimkuta amesimama juu ya kokoto. Suti kaivaa kinyume, zipu iko kifuani na kola inamkaba koo. Ubao kaupaka nta chini, upande unaogusa maji, kaung'arisha kwa bidii ya mtu anayeosha gari la bosi, ilhali nta inapakwa juu ili miguu isiteleze. Wapanda mawimbi waliokaa ukutani walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, na Edilberto alikuwa mmoja wao. Leoncio akamwona Rosaura, akaona aibu, na aibu hiyo ikamtupa majini. Wimbi la kwanza, tena dogo, likauchukua ubao na kumpiga nao usoni. Waokoaji wakamtoa akitapika maji ya chumvi, damu zinamtoka juu ya jicho.

Zahanati walimshona. Rosaura alisubiri nesi aondoke.

"Mollendo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikula samaki."

"Unacheka?"

"Sicheki, Rosaura. Nilitaka sababu ya kurudi dukani kwako."

"Lile swali la dukani, umewahi kupanda mawimbi, silo la kuanzia mazungumzo. Nikimuuliza mtu swali lile, namuuliza asije akafa. Wewe ukanifanya nikupe cha kukuulia kwa mikono yangu mwenyewe."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Simu zikaita wiki nzima, hakupokea hata moja. Alikuwa anazitazama zikiita mpaka zinyamaze, kisha anageuka kuuza. Tena aliuza vibaya.

Edilberto naye hakukaa kimya. Bi Hortensia akamwita Rosaura stoo, akamuuliza kama yule mtu alilala kwenye zulia. Rosaura akasema hakulala. Bi Hortensia akataka kujua kwa nini.

"Kwa sababu nilimpenda," Rosaura akasema.

Bi Hortensia alivuta pumzi ndefu. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Akasema mteja aliyeumia akirudisha ubao, Lima nzima itasema Espuma inauza ajali. Akibadilisha, akachukua ule mkubwa laini wa wanaoanza na akalipia mafunzo, basi ni mtu aliyeanguka kama wanavyoanguka wote. Amrudishe baharini, na Punta Hermosa ni yake. Akishindwa, anayo Edilberto. Rosaura akaitikia, akauma meno, akapiga simu.

"Nakupigia kama muuzaji," alisema.

"Hata ungenipigia kama mkusanya kodi ningepokea."

"Njoo kesho mchana. Na ubao."

Leoncio alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, plasta juu ya jicho, ubao kwapani. Bi Hortensia alikuwa kaunta. Edilberto alikuwa anatundika suti ileile kwa mara ya kumi. Ubao mkubwa laini ulikuwa umeshaegemezwa ukutani, tayari. Leoncio aliuona, akamwona Bi Hortensia anatabasamu, akaelewa mchezo mzima, kwa kuwa habari za Punta Hermosa alizijua. Alikuwa tayari kununua hata rafu zenyewe.

Rosaura akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Leoncio."

"Sijui."

"Unataka kujifunza?"

"Ukitaka nijifunze, nitajifunza. Leo hii nalipia."

"Sikuulizi mimi nataka nini. Nataka duka zima, unajua. Nakuuliza wewe."

Leoncio alitazama viatu vyake. Angeweza kusema ndiyo, na kila mtu mle ndani angefurahi.

"Naogopa maji," akasema. "Tangu mtoto. Juu ya lifti naning'inia kwa waya na sijali, lakini maji yakinifika kiunoni pumzi zinakata. Siipendi bahari, Rosaura. Nakupenda wewe."

Rosaura alimtazama Bi Hortensia, na Bi Hortensia akamwonyesha kwa kidevu ubao mkubwa. Neno moja tu lilitakiwa, neno la upole analolisema muuzaji yeyote: utazoea. Rosaura alilihisi ulimini. Akalimeza.

"Basi ushauri wangu ni huu," alisema, na kwa makusudi hakupunguza sauti. "Usinunue ubao. Si huu, si mwingine, si hapa, si duka lolote. Utarudishiwa hela yako yote. Bahari iangalie kutoka ghorofani."

Bi Hortensia akasema, bila hasira, kwamba basi Punta Hermosa ataichukua Edilberto. Rosaura akasema amesikia. Ubao aliupokea mwenyewe, akaufuta, akaurudisha mahali pake. Ilimuuma, tena sana. Lakini alipogeuka, mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Leoncio alikuwa bado yuko palepale.

"Umepoteza duka kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya kazi yangu. Usijipe ukubwa."

"Bado unanipenda?"

"Nimekukasirikia."

"Sijauliza hilo."

"Ndiyo," alisema.

"Basi nisikilize, usije kesho ukasema hukuambiwa. Nina miaka arobaini kasoro. Nilishaposa nikakataliwa. Mama yangu ananipigia kila asubuhi kabla jogoo hajawika, na usipopokea anapiga tena. Nakoroma. Na nataka kukuoa."

"Unakoroma sana?"

Leoncio alifungua mdomo aseme kidogo. Akaufunga.

"Majirani wanagonga ukuta," alisema.

Rosaura akacheka, machozi yakamtoka palepale mbele ya wateja, akayafuta kwa fulana ya duka.

"Haya," akasema. "Nakuchukua hivyohivyo."