Kamusi Inayonuka Mdomo

Kwanza ilikuwa harufu. Mama mtoto ameinamia meza ya duka la vifaa vya umeme, mwanawe mgongoni, mara akasikia pumzi ya mtu aliyeamka hajapiga mswaki. Akamtupia wifi yake jicho la pembeni.

"Usinitazame mimi," wifi akanong'ona. "Mimi nimesugua."

Mbele yao zilipangwa kamusi tatu za kielektroniki za Kichina, za kutosha kiganjani. Jumatatu inayokuja mama mtoto alikuwa na jaribio kwenye ghala la vigae alikokuwa akifagia: tajiri alitaka mtu wa kuongea na wateja Wachina, na alikuwa amemwambia, ukiweza, ufagio unautua. Kamusi ya kwanza ilikuwa na maneno tele lakini bubu. Ya pili ilitamka, ila kama mbu ndani ya kopo. Ya tatu ilikuwa kuukuu, vitufe vimeganda taka za vidole vya watu. Lakini sauti yake jamani! Nzito, ya karibu, kama mtu anakusemea shingoni.

"Tena hii inarekodi," akasema muuzaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani. "Unatamka, inakurudishia, unajisahihisha. Jaribu."

Kabla hajajaribu, mtoto akajiegemeza begani kwake akaropoka "ba-ba-bu-bu" yake, mate yakachuruzika hadi kwenye spika. Miwani akabonyeza. Kamusi nayo ikasema "ba-ba-bu-bu", wote wakacheka.

"Imeshampenda," Miwani akasema.

"Wifi, hiki kidude kinanuka mdomo," wifi yake akamwonya.

"Nitakifuta na spiriti, wifi, usinitie mkosi."

Ndivyo alivyochagua, masikini. Alifuata sikio, pua inamkataza.

Walipofika nyumbani mtoto akanyamaza. Si kulala, kunyamaza. Alitaka kunyonya, akakunja uso, akaachama, machozi yakamtoka, na sauti hakuna, hata ya kukoroma. Mama akamgongagonga mgongo, akamchungulia kooni. Hamna kitu. Ndipo kutoka rafu ya vyombo, alikoiweka kamusi chini ya kitambaa, kikasikika kilio cha mwanawe, kile kile, kisha humo humo mtu akacheua, akatafuna.

"Umeizima?" wifi akanong'ona.

"Nimetoa betri."

"Umetoa?"

"Si hizi hapa mkononi."

Wifi akarudi nyuma hadi ukutani. Mama mtoto akafunua kitambaa. Spika ilikuwa imelowa. Akaifuta kwa pamba, pamba ikatoka na ute wa manjano unaovutika kama makohozi ya mgonjwa, na ndani ya ute unywele mmoja mweupe, akauvuta akidhani utakatika, haukukatika, ukaja, ukaja, wenye uvuguvugu, wenye vipande vya chakula cha mtu asiyemjua, na kila alipovuta ile sauti nzito ilimcheka kwa kicheko cha mtoto wake, kile alichozoea kukitoa akitekenywa tumbo, mpaka akatapika pale pale miguuni pa wifi yake.

Mganga alikuja mchana kweupe, mama wa makamo mwenye mwili wake. Alisimama mlangoni, akanusa, akatema nje.

"Jini hili halina kinywa," akasema. "Huazima. Nani alilionjesha mate ya mtoto?"

"Yalidondokea spika," mama mtoto akasema.

"Mtoto akishikwa na mafua, makamasi unayatoaje?"

"Namfyonza puani kwa mdomo."

"Basi kazi unaijua. Fyonza hapo, tema kwenye majivu. Usimeze hata tone. Ukimeza, utakuwa umeliazimisha kinywa chako."

Mama mtoto akamtazama mwanawe anayelia bila sauti, akaziba pua, akaweka midomo kwenye vitundu vya spika na kuvuta, na kikaja kitu kinene cha vuguvugu chenye chumvi, chenye nywele na ladha ya jino bovu, akatema, akavuta tena, kikaja kingine, kikimgusagusa ulimi kama ulimi mwenzake, akatema, machozi yanamtoka, wifi kamshika mabega anasema vuta wifi vuta, akavuta kwa pumzi zake zote, kinywa kikamjaa hadi mashavuni, na hapo hapo mtoto akapasua kilio.

Kilio cha kweli, cha kutoboa bati.

"Mwanangu!" akasema mama. Kwa kusema, akameza.

"Umetema yote?" mganga akauliza.

Kile kitu kilikuwa bado kinamteremka kooni. "Yote," akajibu.

Wakaiponda kamusi, wakaichoma, majivu wakayafukia.

Jumatatu akaingia ghalani mikono mitupu. Mteja Mchina akauliza jambo akinyoosha kidole kwenye vigae. Mama mtoto akafungua kinywa aombe radhi, maneno ya Kichina yakatoka yenyewe, laini, kwa ile sauti nzito, hakujua hata moja maana yake. Mteja akapauka. Akarudi nyuma, kaziba pua kwa leso.

"Kumbe umeiva!" tajiri akapiga makofi. "Ufagio tua!"

Nyumbani wifi alimpokea na mtoto mikononi, "ba-ba-bu-bu" haikauki. Mama akainama ambusu. Mtoto akamnusa, akapiga kelele, akajificha kwapani mwa shangazi yake.

"Umechoka tu, wifi, njoo ule," wifi akasema, lakini alikuwa ameshageuza uso.

Mama mtoto akafumba mdomo. Akapitisha ulimi taratibu nyuma ya gego la mwisho, na kitu kule nyuma kikaulamba.