Kitambaa ya Crochet Juu ya Serveur

Asubuhi ile Séphora alikuwa anapiga pasi pagne yake ya manjano, ile ya maua ya bleu, na makaa ilikuwa inalia ndani ya pasi. Alitaka kufika mapema ku bureau ya commune, juu Chef wa commune alisema leo mutu wa serveur anakuja. Séphora hakujua serveur iko na sura gani. Ku kichwa yake aliona kitu kubwa kama kabati ya sacristie ya kanisa, na milango yake, na funguo yake.

Akapanda moto, pikipiki ya kulipa, nyuma ya motard. Ku rond-point ya soko, Bunia yote ilikuwa pale: bamama na mabeseni ya ndizi, jeep nyeupe ya bacasques bleus ya ONU, ng'ombe zenye hazina haraka na mutu, na mamoto, mamoto tu. Moto ingine ikawapita karibu sana. Guidon, ile usukani ya moto, ikagusana na guidon, na carton yenye kijana alikuwa anakumbatia kule nyuma ikaruka, ikaanguka juu ya magoti ya Séphora. Akaikamata na mikono mbili.

—Dada, tafazali, kijana akasema. Kama unataka kuangusha kitu, niangushe mimi.

—Weye uko muzito. Hii iko na nini ndani?

—Maisha yangu.

—Maisha yako iko nyepesi hivi?

Bamotard bakacheka. Kijana alikuwa amevala chemise nyeupe, vumbi nyekundu ya Bunia ilikuwa imemujaa ku col, pale ku shingo, na meno yake ya mbele ilikuwa na nafasi katikati, ile nafasi yenye inafanya mutu aonekane anacheka ata kama iko na hofu.

—Unaenda wapi? akauliza.

—Ku bureau ya commune.

—Basi ibebe tu. Na mimi naenda kule.

Njo vile Séphora alibeba serveur yake ya kwanza ku magoti, njia muzima, bila kujua iko anabeba nini.

Kijana ile ilikuwa Delphin. Bazazi yake balitoka Butembo, bakaleta biashara Bunia, lakini yeye alipenda mamashini kuliko duka. Ku bureau akafungua carton juu ya meza. Ndani kukatoka sanduku nyeusi, ndogo kama dumu ya mafuta ya lita tano.

—Ni hii tu? Mama Anastasie akasema. Yeye njo alikuwa mukubwa wa état civil, kule banaandika kuzaliwa na kufa, na Séphora alikuwa anafanya kazi chini yake.

—Ni hii tu, mama. Ma-dossier yenu yote itakaa humu. Weye unaandika ku ordinateur yako, Séphora anasoma ku yake, na Chef anasoma kule ndani, bila mutu kutembea na clé USB.

—Na ikikufa? Séphora akauliza.

Swali ile haikuwa ya muchezo. Wakati ya vita, baregistre, bitabu ya majina, zingine ziliungua, zingine panya zilikula. Yeye na Mama Anastasie balikuwa bameandika majina yenye ilibakia, moya moya, ndani ya kompyuta moya ya zamani, na sasa ile ordinateur ilikuwa inazimika kila siku kama muzee mwenye anasinzia ku kanisa. Vita ilikuwa imetulia, lakini batu balikuwa bado banalala na viatu karibu ya kitanda. Jina yenye inapotea, ni nani atairudisha?

Delphin akamuangalia muzuri. Hakucheka tena.

—Ndani kuko disque mbili. Kila kitu inaandikwa mara mbili. Moya ikikufa, ingine inaendelea.

—Kama mapacha.

—Kama bapenzi.

—Bapenzi? Moya akikufa, ingine anatafuta mupya.

—Inategemea na mupenzi, Delphin akasema polepole, na Mama Anastasie akakohoa kikohozi ya bure.

Lakini Chef Dominique hakutaka kuchagua haraka. Papa Bruno, mucommerçant wa ku soko, naye alileta serveur yake kutoka Kampala, kubwa, inalia kama mashini ya kusaga mihogo. Chef akasema: kila moya itafanya kazi juma moya, kisha tutaona. Delphin alimwambia Séphora wazi: akipata ile kazi ya commune, atafungua atelier yake ya kutengeneza mamashini Bunia. Akiikosa, baba yake, mwenye alisharudia Butembo, anamungojea kule, akauzishe ciment.

Ya Papa Bruno ikaanza. Siku groupe électrogène, ile mashini ya kuleta umeme, ilikatika katikati ya kazi, serveur ikazima palepale, na kazi ya asubuhi muzima ikaenda nayo.

Kisha ikaingia ya Delphin, na majina yote ya ordinateur ya zamani ndani yake, na batterie yake na panneau ya jua juu ya mabati. Taa yake ndogo ya vert kama majani ilikuwa inapepesa, bila kelele, ata kama courant ya commune yote imekatika. Siku moya mama moya mwenye alikimbia kijiji, Mama Charlotte, akaingia na aibu. Shule ilikuwa inamuomba acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa ya kijana yake, kwa examen, na karatasi yote iliungua kule ku kijiji.

Séphora akaandika jina. Mbele mama amalize kuvuta pumuzi, jina ikatokea: ya kijana, ya baba yake mwenye hayuko tena, kijiji, siku.

Mama Charlotte akainuka. Akasogea, akaweka mukono juu ya sanduku nyeusi, vile banawekaka mukono juu ya kichwa ya mutoto. Ata Chef, mwenye alikuwa anapita na simu ku sikio, akaishusha. Séphora akaangalia ile sanduku. Kijiji muzima ilikuwa inalala ndani ya kitu yenye yeye alibeba ku magoti.

Magaribi Delphin akapiga simu.

—Séphora, serveur inaendelea aje?

—Iko muzuri.

—Na mwenye anailinda?

—Naye iko muzuri. Hii simu ni ya technique?

—Ya technique kabisa. Nilitaka kusikia kama inapumua.

—Serveur?

—Hapana.

Séphora akacheka ndani ya pagne, mama yake asisikie.

Kesho yake akafungua malle yake, ile sanduku ya nguo. Kwao, binti anashonaka bitambaa ya crochet ya kufunika bitu ya nyumba yenye ataolewa: radio, télé, meza. Ile ya muzuri kupita, nyeupe na rose pembeni, akaitosha, akaibeba ku bureau. Kitu ya heshima haikae uchi. Akafunika sanduku mbele, nyuma, mupaka chini. Mama Anastasie akaangalia kitambaa, akamuangalia yeye, akatabasamu. Ata Chef akapita, akasema: «Sasa bureau inafanana bureau.» Hakuna mutu aliwaza kama mashini iko na pua.

Siku ya kuamua, taa ya vert ilikuwa imezima. Papa Bruno alikuwa pale, mikono juu ya tumbo. Delphin akafika mbio, akagusa, akarudisha mukono: sanduku ilikuwa moto kama sufuria.

—Nani alifunika mashini na hii takataka? Inapumulia huku nyuma, mumeiziba pua.

Akanyakua kitambaa, akaitupa chini.

—Yangu haiogope nguo, Papa Bruno akasema.

Séphora akainama, akaokota kitambaa, akakunguta vumbi, akatoka inje na shingo juu.

Mama Anastasie akafunga mulango ya bureau yake na Delphin ndani.

—Kijana, kwenu Butembo binti anapeanaka ile kitambaa kwa nani?

—Kwa... Delphin akakaa ku kiti bila kuambiwa. Mama, sikujua ni yake.

—Sasa unajua.

Delphin akatoka, akapigia Séphora simu. Séphora akageuza simu, sura chini. Akapiga tena. Ku mara ingine, Séphora akashika.

—Cœur yangu, moyo yangu, nisikilize.

—Takataka haina masikio, Kaka Delphin.

Akakata.

Kesho yake Delphin akapata kazi kidogo Mahagi-Port, akapanda camion. Kwa Mama Anastasie aliacha neno moya tu: akirudi, atabeba bitu yake na kuenda Butembo, juu serveur alijua imeshakataliwa, na mutu pia.

Siku ile Chef, mwenye jana alisema kuamua ingoje, akaita batu ya bureau. Papa Bruno alikuwa amevala veste.

—Séphora, weye njo unatumika nayo sana. Tushike ya nani?

Moyo yake ilikuwa inasema: ya Papa Bruno, na Delphin ajue kulia. Akainuka, akaenda ku sanduku nyeusi, yenye sasa ilikuwa imepoa, akafinya bouton. Taa ikapepesa. Vert. Akaandika jina ya kijana ya Mama Charlotte, na jina ikatokea, na kijiji, na baba.

—Chef, mi niliifunika. Ilisikia moto, ikajizima yenyewe mbele ya kuungua. Haikupoteza ata jina moya. Ya Papa Bruno ilikosa courant tu, ikatupotezea kazi ya asubuhi muzima. Siye tumeshapoteza majina ya kutosha.

Papa Bruno akaangalia viatu yake. Chef akaonyesha ile taa na kidole.

—Tushike hii, akasema. Na kijana akae Bunia aiangalie.

Inje, batu ku mulango balikuwa banasema camion ya njia ya Mahagi imesimama njiani, inangojea escorte ya baaskari, haijulikane itatembea siku gani, na réseau ya simu kule ni ya kubahatisha. Séphora akasimama pembeni ya ukuta, vumbi inapita juu ya biatu yake, akaandika:

«Kaka Delphin, Chef ameshika serveur yako. Usiende Butembo. Nipigie, saa hii nitashika.»

Akatuma. Ku écran ya simu ikatokea alama moya ya kijivu: imeenda, haijafika. Akangoja ya pili. Bamama ya ndizi bakapita, jeep nyeupe ikapita, na yeye alikuwa bado anaangalia: moya tu.